Mgongo wa Mkeka

Alasiri moja ya kiangazi, huko Pangani, nilimkuta bibi yangu kibarazani, miguu ameinyoosha, mkeka mkuukuu mapajani na wembe mkononi. Mkeka ule naujua tangu utoto wangu. Ndio tuliokuwa tukilalia wajukuu watano kwa mpigo wakati wa likizo, miguu ya huyu kichwani kwa yule, na asubuhi kila mmoja huamka ukili umemchora shavuni. Nikadhani ameamua kuukatakata autie jikoni. Kumbe anaufumua. Alikuwa anakata nyuzi za mwaa zilizoushikilia, mshono baada ya mshono, na kila mshono ulipokatika ukili uliachia ukashuka taratibu ubavuni pake, mpaka sakafuni pakawa na rundo la utepe mmoja mrefu uliofifia rangi. Ndipo nilipotambua, nami mtu mzima, kwamba mkeka wote ule mpana ulikuwa ukili mwembamba wa vidole vitatu tu, umeshonwa ukingo kwa ukingo hadi ukawa uwanja wa kulala watu.

"Bibi, si ununue mwingine tu?" nikamwuliza baada ya shikamoo.

"Wa kununua upo. Nataka nione mama alipitaje hapa," akajibu, akanionyesha mahali ambapo rangi ya zambarau inaingia katika nyekundu bila ya jicho kuona imeingilia wapi. Aliyeusuka ni mama yake, marehemu wa miaka mingi. Nikainama, nikatazama, sikuona kitu. "Ugeuze," akasema. "Huku juu hutaona."

Nikaugeuza. Upande wa chini ulikuwa umejaa ncha, fupi, ngumu, kwa mamia, kama ndevu zilizonyolewa juzi. Kila ncha ni mahali ambapo chane moja iliisha na nyingine ikapachikwa chini yake, ikaenda imefichwa hatua kadhaa kabla ya kujitokeza juu. Ile zambarau niliyoistaajabia haikuanza pale ilipoonekana. Ilikuwa imeingizwa nyuma sana, kimyakimya, ikatembea chini ya nyekundu hadi zamu yake ilipofika. Juu, mkeka ulionekana kana kwamba umeota wenyewe, kama jani. Chini kulikuwa na kazi yote: hapa msukaji aliishiwa, hapa aliunga, hapa alikosea akarudi nyuma akarekebisha, hapa pengine aliitwa kula akauacha, akarejea na mkono uliochoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitazama neno msuko kwa jicho jingine. Wataalamu wetu wa fasihi walipotaka jina la mpangilio wa matukio katika hadithi, baadhi walisema ploti, na wapo wanaosema hivyo hadi leo. Lakini neno ninalolipenda ni msuko, kwa sababu limetoka mikononi mwa wanawake: wasukao mikeka, wasukao makapu, wasukao nywele minyoosho na twende kilioni chini ya mwembe, mmoja kati ya magoti ya mwenzake, maneno yakienda na vidole vikienda. Ni neno linalokiri kwamba hadithi ina uzi uendao juu na uzi uendao chini, na kwamba ule wa juu umeshikiliwa na ule usioonekana.

Shuleni, hata hivyo, tulilifundishwa kama jina tu. Msuko sahili, msuko changamano, kisengerenyuma, taharuki, kilele: tuliyakariri, tukayaandika kwenye mtihani na mifano miwili kwa kila hoja, tukapata alama zetu. Hakuna aliyetuambia tukae na kitabu tukiulize kilivyotengenezwa. Tukawa kama mtu ajuaye majina ya samaki wote wa bahari asiyewahi kutia ndoana majini. Nasema haya kwa uchungu, maana nilipofika umri wa kuandika riwaya yangu mwenyewe nilikaa nayo miaka mitatu, nikajaza kurasa 300, nikaipeleka kwa mchapishaji mmoja, na miezi minane baadaye ikarudi na sentensi moja ya penseli kwenye ukurasa wa mwisho: mambo yanatokea, lakini hayasukani. Niliikasirikia sentensi ile muda mrefu. Ilikuwa ya kweli. Katika mswada ule mtu alikufa kwa kuwa nilikuwa nimemaliza naye. Barua ilifika kwa kuwa niliihitaji. Mvua ilinyesha usiku wa kutoroka bila ya wingu hata moja kuonekana katika sura iliyotangulia, na wahenga walikwisha kusema kwamba dalili ya mvua ni mawingu.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii tunaitumia kumkumbusha mtu asidharau jasho la mwenzake, lakini ndani yake mna agizo pia kwa anayetaka kuwa fundi. Ondoa macho kwenye tanga, shuka ngamani, uhesabu mataruma. Riwaya iliyochapishwa ni chombo kilichokwisha kuelea. Imebeba wasomaji, imevuka mawimbi ya miaka, na kama hadi leo haivuji, basi jibu la jinsi ya kuunda limo humo ndani, chini ya mbao. Mwalimu huyu hana ada, hachoki kuulizwa, na hakuvunji moyo. Anachotaka ni wewe ukubali kumsoma kwa namna ambayo si ya raha.

Niliporudi Dar es Salaam nilichukua Mzimu wa Watu wa Kale, na wembe wangu ukawa penseli. Niliichagua kwa sababu nilikuwa nimeisoma mara tatu. Mtu mwenye hamu ya kujua litakalotokea hawezi kufumua, hamu humfumba macho. Muhammed Said Abdulla aliiandika Zanzibar ikiwa bado chini ya Waingereza. Ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960, na kwa wengi ndiyo inayohesabiwa kuwa mlango wa riwaya ya upelelezi katika lugha yetu. Bwana Ali anauawa, na Bwana Msa, mtu wa kiko na utulivu, jamaa wa kiroho wa Sherlock Holmes wa London, anamtafuta muuaji. Nilianza sura ya mwisho. Kila jambo ambalo jibu linalitegemea nililiandika kwenye kipande cha karatasi, kisha nikarudi nyuma, sura baada ya sura, kutafuta mahali lilipopachikwa mara ya kwanza. Sakafuni kwangu vipande vikaanza kuhama. Jambo nililokuwa na hakika kwamba nimelijua mwisho nililikuta limepita mbele ya macho yangu mapema, limevaa nguo za jambo jingine: limesemwa katika mazungumzo ya kupitisha wakati, au limewekwa pale msomaji anapopumzika kidogo, akingoja mambo yaendelee.

Usiku huohuo nikaona kitu cha pili. Riwaya ya upelelezi ina hadithi mbili. Ya uovu imeshakwisha kabla hatujafungua kitabu; ya kuufichua ndiyo tunayoisoma, na hii ikienda mbele hatua moja, ile inarudi nyuma hatua moja, mpaka zikutane. Siri ya mtungi aijuaye kata, nasi wasomaji tunapewa mtungi tuugonge kwa nje tusikilize mlio wake, huku kata ikiwa mkononi mwa Bwana Msa. Nani ameshika kata, na ataishika kwa kurasa ngapi? Swali hilo moja lilinifunza msuko kuliko madaftari yangu yote ya kidato cha sita. Nikachukua kalamu za rangi, nikapaka kila kipande: kijani, msomaji anajua, nyekundu, mhusika anajua na msomaji hajui, bluu, msomaji anajua na mhusika yuko gizani. Rangi zilipobadilika ndipo moyo wangu ulipokuwa umenidunda nilipoisoma mara ya kwanza, ujanani, na palipokuwa na rangi moja kurasa nyingi mfululizo ndipo nilipokuwa nimesinzia.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na ambayo Amil Shivji aliifanyia filamu iliyotoka 2021, ilinitaabisha kwa namna nyingine. Humo mna kili mbili. Moja ni ya Yasmini, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mzee wa umri wa kumzaa, naye akaikimbia ndoa hiyo. Nyingine ni ya Denge, aliyerudi kutoka masomoni Urusi, anayeendesha siasa za siri dhidi ya wakoloni huku polisi wakimwinda. Ukiziweka kando kando, moja ni kisa cha mapenzi na nyingine ni harakati za uhuru wa Zanzibar, na waandishi wengi wangeziacha zikae hivyo, sura moja huku, sura moja kule, mpaka msomaji achague anayoipenda na kuiruka nyingine. Nilitafuta ncha. Kubwa kuliko zote nikaikuta mahali nisipopatarajia: kwa Mwajuma, Ng'ambo. Mwajuma ni mwanamke mcheshi, mpenda starehe, shoga wa kweli. Mwanafunzi anayejibu mtihani angemweka katika orodha ya wahusika wadogo akaendelea na mambo mengine. Lakini mng'oe yeye uone. Kwake ndiko Yasmini anakopata pa kuegemea, na kwake ndiko maisha ya msichana yule yanakogusana na ya Denge. Mapenzi na siasa vimepitishwa katika nyumba moja ya mwanamke mmoja, na wala haonekani kama amewekwa pale kwa kazi hiyo, kwa sababu ana vicheko vyake, ana shida zake, ana nyimbo zake. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa mswada wangu ule uliorudishwa palikuwa hapo hasa: nilikuwa nimeleta watu waje wafunge mafundo, na hawakuwa na maisha mengine.

Kuna kufumua kunakofundisha kazi, na kuna kufumua kunakouma. Nilipofika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi nilisimama siku kadhaa. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Mapema kabisa Zakaria, baba yake Rosa, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Nilipoisoma ujanani nilikipita kipigo kile haraka, nikakiona ni picha tu ya baba mkali na mlevi, wa kawaida, wa mtaa wowote. Lakini safari hii nilikuwa natoka mwisho. Mwishoni Rosa anajiua, na mwandishi mwingine angefunga kitabu juu ya kaburi, machozi ya msomaji yakatosha. Kezilahabi haachi. Anamleta Rosa na baba yake mbele ya Mungu ili lawama itafutiwe mwenyewe. Nikashika kipande cha hukumu mkono wa kushoto na kipande cha barua mkono wa kulia, kati yake pana kitabu kizima, nikaelewa kwamba swali la mbinguni lisingeweza kuulizwa kama mkono wa Zakaria usingeinuka nyumbani mapema vile. Chane ile ilikuwa chini ya miguu yangu wakati wote nikitembea juu yake. Niliona haya kwamba nilikipita kipigo cha mtoto kama jambo la kawaida, na nadhani mwandishi alitaka nikipite hivyohivyo, ili siku ya hukumu nami niwe miongoni mwa wanaoulizwa.

Ukerewe ileile iliyomzaa Kezilahabi ndiyo iliyomzaa Aniceti Kitereza, na kwa Kitereza penseli yangu ilipata adabu. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, baadaye akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa majina ya watu wake: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Miaka 35. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Nilipokaa kuifumua, vipande vyangu havikutaka kuhama. Wakwe wanamchukua binti yao kwa kuwa hajazaa. Mume anamfuata kumrudisha. Kisha kilimo, pombe, ugeni, uvuvi, dawa, msimu baada ya msimu, hadi mtoto anapopatikana. Nilikuwa nimefunzwa kuyaita hayo maelezo marefu, na nusura niandike pembeni kwamba hapa msuko umelegea. Nikayasoma tena polepole, usiku kucha, umeme ukiwa umekatika na taa ya mkono imewekwa juu ya kitabu. Mke na mume hawa wanangoja mtoto, na kungoja kwao hakuna siku ya mwisho iliyoandikwa mahali. Kitereza hakutuambia kwamba walingoja, alitungojesha. Mtama ulipaswa kuota kwanza. Pombe ilipaswa kuiva kwanza. Aliyefundishwa kwamba kila hadithi ni mlima wa kupanda hadi kileleni na kushuka ataiona riwaya hii imelala, kumbe iko macho, imekaa na Bugonoka. Nikafuta maandishi yangu ya pembeni. Kezilahabi naye, baada ya riwaya zake za mwanzo zilizosukwa zikakazwa, aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vidogo ambavyo ukivigeuza upande wa chini unakuta njia zinazozunguka na kurudi. Mzingile ndivyo ulivyo. Hivyo sikuvifumua. Nilivisoma tu, nikavirudisha rafuni kwa heshima.

Katika kukaa na vipande vya karatasi usiku mwingi namna hii, nimejikuta nikifikiria matanga. Mtu akifa hatulii tu, tunafumua. Mmoja anasema, juzi alipita kwangu akaaga mara mbili. Mwingine anasema, alilipa deni lote la dukani, na haikuwa kawaida yake. Mama mmoja kwenye kona, aliyenyamaza tangu asubuhi, anasema Ijumaa ile alimwomba maji akayanywa amesimama mlangoni, hakuketi. Jamvini pale sote tunarudi nyuma siku moja moja, tunatafuta mahali kifo kilipopachikwa, na tukianza kutafuta tunakiona kila mahali. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini siku ile alipoaga mara mbili ilikuwa siku tu. Pengine alisahau kwamba ameshaaga. Sisi ndio tunaoyasuka maisha ya mtu baada ya kuondoka kwake, kwa sababu hatuvumilii kuziona ncha zikining'inia hewani. Ninaamini hadithi zilizaliwa hapo, msibani, kabla ya paukwa na kabla ya pakawa, katika haja ya kusema kwamba hakuondoka bila ya kutuaga.

Na hapo ndipo naiona dhamana ya mwandishi. Riwaya inatupa kile ambacho msiba unatunyima: mtu aliyejua tangu mwanzo. Mwandishi alijua kwamba huyu anakufa, akamfanya aage mara mbili kwa makusudi, kisha akaifunika buriani yake ya pili kwa kelele za jogoo au kwa mtoto anayelia, tusiitambue mapema. Msomaji ametoa fedha ambazo zingenunua unga, ametoa usiku ambao angelala. Akifika ukurasa wa mwisho akarudi nyuma, anastahili kukuta kwamba hakuna alichopewa bure na hakuna alichofichwa kwa hila. Asipokuta, ameibiwa. Nimewaibia wachache waliousoma mswada wangu ule wa kwanza, nami nalichukulia jambo hili kuwa zito.

Wapo wenzangu wanaohofu kwamba anayefumua kazi za wengine ataishia kuiga. Sikubaliani nao. Bibi yangu alikaa na ukili ule wa mama yake wiki nzima. Chane zilizooza akazitupa, zilizokuwa bado ngumu akaziweka kando. Kisha akaagiza ukindu mpya, akauchana, akauchemsha na rangi, akauanika, akaanza kusuka wake. Haukufanana na wa mama yake. Yeye hapendi zambarau. Alitia kijani, na mistari yake ni mipana zaidi, kwa maana kila mwamba ngoma huvutia kwake. Kitu kimoja tu alikichukua, na alinieleza nilipokwenda kumwona mara ya pili, mkeka ukiwa umefika nusu. "Pale nimepaona," alisema. "Mama alikuwa akiianza rangi mbali. Mbali sana, mjukuu wangu. Mimi miaka yote nimekuwa nikiianza karibu."

Niliutoa mswada wangu kabatini jioni ya siku niliyorudi. Ile barua iliyofika kwa kuwa niliihitaji sura ya kumi na nne, nimeanza kuiandika sura ya pili, mkononi mwa mtu ambaye hajui kusoma na anaona aibu kumwomba mwingine amsomee. Kazi bado ni ndefu.

Nawe ndugu msomaji, unayeandika usiku baada ya kutoka kazini, nakuomba usianze sura nyingine wiki hii. Chukua riwaya moja ya Kiswahili unayoipenda, ambayo mwisho wake unaujua, na daftari, na mkasi. Uanze na sura ya mwisho, urudi nyuma.